Tao la Trajan pale Benevento, na watoto waliochongwa ndani yake

Nikisema nimeenda Benevento watu wananiuliza hiyo ndo wapi, na siwalaumu, maana ukija Italia kila mtu anakwambia Roma, Venezia, Firenze, basi. Benevento ni mji wa kawaida tu wa kusini, unatoka Napoli unaelekea milimani, hauna makundi ya watalii wala kelele. Lakini ukiwa unatembea Corso Garibaldi, barabara kuu ya katikati ya mji, ukakunja kuingia Via Traiano, unaliona mbele yako limesimama peke yake, tao la marumaru la mita kama 15 na nusu kwenda juu, limechongwa kila mahali hadi hujui macho uyaanzishie wapi. Kwa kweli nimeona magofu mengi ya Warumi ila hili ndo limenikaa moyoni.

Lilisimamishwa mwaka 114 kwa heshima ya Kaisari Trajan, na waliolitoa ni Seneti na watu wa Roma, imeandikwa pale juu kabisa. Mbona sasa huku na sio Roma? Sababu ni barabara. Zamani ukitoka Roma kwenda bandari ya Brindisi, kule meli zilikokuwa zinaondokea kwenda Ugiriki na nchi za mashariki, ulifuata Via Appia ikuzungushe mpaka Taranto, njia ndefu na ya milima. Trajan akajenga njia nyingine ya mkato, Via Traiana, inaanzia hapohapo Benevento inapita Canosa na Bari mpaka Brindisi, na kwenye mawe ya njiani wakaandika kwamba ameijenga kwa pesa yake mwenyewe. Kwa hiyo tao limewekwa pale barabara inapoanzia, mwanajeshi anaenda vitani, mfanyabiashara na punda wake, mjumbe wa serikali, wote wanapita chini yake.

Sasa ukilizunguka unaona pande zake mbili haziongei jambo moja. Upande unaotazama mjini mambo ni ya amani na ya nyumbani, Trajan anapokelewa Roma, na juu kabisa yupo Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, anamkabidhi radi yake kama kumwambia dunia hii nakuachia wewe. Upande unaotazama nje ya mji ni majeshi na majimbo ya mbali. Halafu kuna mkanda mwembamba wa michongo umezunguka tao lote, huo ni msafara wa ushindi wa vita vya Dacia, Romania ya leo, unaona ng'ombe wa kafara wanaswagwa, wabeba ngawira, na mateka wamefungwa. Ukanda wenyewe uko juu na watu wake ni wadogo, wengi wanapita bila kuuona, lakini mimi wale mateka niliwatafuta mmojammoja, maana dhahabu ya Dacia ndo iliyojenga mambo mengi ya Trajan na wao ndo walioilipia.

Ila jamani kitu kilichonipeleka kuandika hii posti kiko ndani, chini ya tao penyewe, kwenye kuta mbili za njia. Ukuta mmoja Trajan amejifunika kichwa anatoa kafara, wanasema ndo ufunguzi wa barabara. Ukuta wa pili, hapo sasa, kuna watoto! Wazazi wamekuja na watoto wao kupokea msaada wa kaisari, kuna baba amembeba mwanawe mabegani, yule mtoto kakaa vilevile kama mtoto yeyote anavyokaa mabegani kwa baba yake kwenye umati, na kuna wanawake wamevaa mataji yenye umbo la kuta za mji, hao ni miji ya Italia imechongwa kama akina mama, nao wana watoto mikononi. Baadhi ya vichwa vimevunjika lakini habari yote inasomeka.

Mpango wenyewe uliitwa alimenta. Kaisari anawakopesha wenye mashamba pesa kwa dhamana ya ardhi, na riba ile haiendi Roma, inabaki kwenye mji husika inalisha watoto. Tunajua ulivyofanya kazi kwa sababu lipo bamba kubwa la shaba la mji wa Veleia, kaskazini mwa Italia, lilichimbuliwa mwaka 1747, sasa liko makumbusho ya Parma. Pale mkopo mkubwa ulikuwa sesterti (sarafu ya Warumi) 1,044,000 kwa riba ya asilimia 5, inazaa 52,200 kwa mwaka, na zimegawanywa zote hadi ya mwisho: mvulana wa ndoa sesterti 16 kwa mwezi, msichana 12, mvulana wa nje ya ndoa 12, msichana wa nje ya ndoa 10. Askari wa kawaida kipindi hicho alikuwa anapata 100 kwa mwezi, kwa hiyo 16 sio ya kutajirika ila mtoto anakula.

Mi hesabu hizo zimenigusa kuliko michongo yote ya vita. Na zimeniumiza pia, maana kwenye fungu hilo wavulana wa ndoa ni 245 na wasichana 34 tu, na mtoto wa mtumwa hayumo kabisa, na mpango wote ulikuwa wa Italia, wakati ngano ya kulisha Roma ilikuwa inatoka Misri na Afrika Kaskazini, watoto wa kule ambao baba zao ndo wanaolima hawakuchongwa ukutani. Bado nasema, mtawala kukubali kwamba katika sifa zake ziwekwe na watoto wanaolishwa, tena pale kila mpita njia anapopita, ni jambo ambalo sijaliona kwingi.

Limedumu vipi? Walombardi, watu wa Kijerumani walioingia Italia baada ya dola la Roma kuanguka, walipoushika mji wakaliingiza kwenye ukuta wao likawa lango, wakaliita Porta Aurea, yaani lango la dhahabu, na kwa sababu lilikuwa na kazi hakuna aliyelibomoa achukue mawe. Mwaka 1688 tetemeko likaangusha sehemu kubwa ya mji, tao likabaki. Mwaka 1943 mabomu yakaiharibu vibaya Benevento, tao likabaki.

Mkienda, jirani yake kuna kikanisa cha Sant'Ilario, nacho cha enzi za Walombardi, ndani kuna maonyesho yanayoelezea michongo, anzieni hapo ndo muende kwenye tao, na msipige picha ya mbele mkaondoka, ingieni chini mkae na ule ukuta wa watoto. Halafu mkirudi Roma, kwenye makumbusho ya Terme di Diocleziano kuna bamba lingine la alimenta, la Ligures Baebiani, watu waliokuwa majirani kabisa wa Benevento, ni la mwaka 101, miaka 13 kabla ya tao, na limeandikwa wenye mashamba kwa majina pamoja na mashamba waliyoweka dhamana.