Nguva wangu wameanza kuogelea

Baada ya kushindwa mara tatu mfululizo hapa Ntinda, Kampala, nilizitandaza mkekani karata zangu zote 60 za mchezo wa Magic: The Gathering na kuona kasoro: kundi la nguva lenye karata za Lord of Atlantis 2 tu, ilhali kila mmoja huwaongezea nguva wenzake nguvu 1 na uimara 1, tena huwafanya wasizuilike mbele ya mpinzani mwenye karata ya kisiwa. Nilitoa karata 4 za kubatilisha uchawi (nazipenda mno), nikaongeza Lord of Atlantis 2 na Master of the Pearl Trident 2, wenye uwezo kama huo. Jumamosi, zamu ya 5, nguva wa kawaida, Silvergill Adept mmoja, akiwa na mabwana wawili (Lord au Master) kando yake, walishambulia kwa nguvu 10, nusu ya uhai wa kuanzia wa mpinzani.