Nina aleji ya paka, na nina paka wawili

Yaani hapa Mji wa Kale Mombasa paka utamkwepa vipi, wako barazani, juu ya mabati, chini ya meza ya muuza samaki, na mimi ndo nimejaaliwa pua isiyowataka kabisa, dakika kumi tu macho mekundu, chafya mfululizo mpaka jirani anazihesabu huko kwake.

Watu hudhani shida ni manyoya. Sio. Ni protini ya kwenye mate na ngozi ya paka, akijilamba inabaki kwenye manyoya, ikikauka inapeperuka na vumbi, ndo maana hata akitoka chumba bado kinakuwasha. Kwa hivyo chumbani marufuku, zulia nimetoa, kila asubuhi napiga deki (ufagio mkavu unarusha vumbi tu), na usiku setirizini moja (kidonge cha aleji). Nikiwashika sigusi uso mpaka ninawe.

Tatizo huyu mdogo wa rangi ya chungwa, anakwaruza mlango anakwaruza, juzi nikachoka nikafungua, nimeamka jicho moja limefura kama mahamri na yeye kalala juu ya mto wangu wala hana habari.