Midomo ya Terence Blanchard

Niliacha kupiga tarumbeta nikiwa na miaka kumi na tisa, na aliyenishinda ni mdomo wangu mwenyewe. Nilijifunza kwa kuwaiga wakubwa wa bendi, nikashika kosa la wengi: kila noti inapopanda, nakandamiza kile kikombe cha chuma cha kupulizia usoni. Noti inatoka, kweli. Lakini nyimbo tatu baadaye mdomo umekufa ganzi, na ukikiondoa unabaki na duara jekundu kama umepigwa muhuri. Mwalimu mmoja alinisikiliza dakika mbili tu, akaniambia niweke chombo chini, nikae miezi nikitetemesha midomo mitupu mbele ya kioo, ndipo nianze upya na noti ndefu. Nilimwona ana roho mbaya. Mimi niliyekuwa nikiaminiwa solo, leo nirudishwe chekechea? Sikwenda tena kwake. Mwaka haukuisha, nikawa sina cha kupiga.

Ndiyo maana nikisoma habari za Terence Blanchard, mpiga tarumbeta na mtunzi wa jazi wa Marekani, hukwama pale ambapo wengine hupapita kwa sentensi moja.

Ya mwanzo yanajulikana. Kazaliwa New Orleans, Machi 13, 1962, mtoto wa pekee. Baba yake alifanya kazi ya bima, lakini mapenzi yake yalikuwa opera, tamthilia inayoimbwa. Akiimba baritoni, sauti nzito ya kiume, nyumbani, kijana akitaka asitake alisikia. Piano alianza na miaka mitano. Alipofika minane, mkongwe Alvin Alcorn alikuja kupiga tarumbeta shuleni kwao, na piano ikapata mke mwenza. Mpiga tarumbeta Wynton Marsalis na kaka yake Branford walikuwa marafiki zake wa utotoni. Mwaka 1982, Wynton alipoondoka kwenye bendi ya jazi ya mpiga ngoma Art Blakey, kiti kile kikamwangukia Blanchard, ana miaka ishirini. Kiti hicho kilishakaliwa na vigogo wa tarumbeta Lee Morgan, Freddie Hubbard na Woody Shaw, kwa hiyo usidhani ni kazi ya kujipatia tu hela ya nauli. Alikaa hadi 1986, akatoka kuongoza kikundi pamoja na mpiga saksafoni Donald Harrison.

Ana jina, ana rekodi sokoni, wapenzi wa jazi wanamfahamu. Na hapo, mwishoni mwa miaka ya 1980, mdomo ukamgomea. Namna aliyozoea kuiweka midomo yake haikufaa, akaamua kusimama kupiga hadharani na kujifunza upya.

Kwa asiyewahi kushika tarumbeta, hili linahitaji maelezo. Tarumbeta ina vali tatu, yaani vitufe vya kubonyeza, na zote kazi yake ni moja: kurefusha bomba. Ukizichanganya kwa kila njia unapata urefu wa aina saba, basi. Noti nyingine zote hutoka kwako. Vidole vikiwa palepale, midomo ikibana kidogo na pumzi ikienda kasi, sauti inaruka ngazi. Kwa hiyo ukibadilisha namna ya kuweka midomo unapoteza hata noti ya chini ambayo mtoto wa mwezi mmoja wa mafunzo anaitoa. Kichwani umejaa muziki wa miaka minne na Blakey. Kwenye chombo unatoa mlio wa bata. Nawajua watu walioona afadhali wafe na mdomo mbovu kuliko kupita hapo. Mimi mwenyewe nilikimbia, na sikuwa na jina la kupoteza.

Kazi za filamu zilimkuta katika kipindi hicho. Mwongozaji filamu Spike Lee alikuwa akitengeneza "Mo' Better Blues", iliyotoka 1990, na Denzel Washington ameigiza mpiga tarumbeta. Vidole ni vya Denzel, sauti ni ya Blanchard. Siku moja Lee akamsikia kwenye piano akipiga kitu alichokuwa anakitunga kuhusu Soweto, akataka kipangiwe fidla na kiingie kwenye filamu. Blanchard hakuwa na uzoefu wa kazi hiyo. Akakubali, kisha akampigia simu Roger Dickerson, mwalimu wake wa zamani wa utunzi. Baada ya hapo ikaja "Jungle Fever" mwaka 1991, "Malcolm X" mwaka 1992, na ushirikiano wao umedumu miongo mitatu. Mara mbili ametajwa kuwania Oscar, zote kwa filamu za Lee.

Ya kimbunga Katrina sitayarefusha. Mwaka 2005 kuta za kuzuia maji zilibomoka, karibu asilimia 80 ya New Orleans ikazama. Lee alipofanya filamu ya kweli kuhusu maafa yale, Blanchard hakutunga tu muziki. Alimrudisha mama yake kwenye nyumba ya mama huyo, mbele ya kamera. Mlango unafunguliwa, vitu vimepinduka, mama analia, mtoto amemkumbatia. Nimeitazama mara moja, sirudii. Muziki aliouendeleza kuwa albamu mwaka 2007 nausikiliza, ila si usiku.

Kisha, akiwa na miaka hamsini na ushee, akarudi kwenye ile sauti ya baba. Opera yake ya kwanza, "Champion", ilionyeshwa St. Louis mwaka 2013. Inamhusu bondia Emile Griffith, ambaye mpinzani wake Benny Paret alifariki baada ya pambano la Machi 24, 1962. Blanchard alikuwa na siku kumi na moja duniani. Naye hufanya mazoezi ya ngumi, kwa hiyo usishangae kwamba alichagua mada hiyo.

Ya pili, "Fire Shut Up in My Bones", ilifungua msimu wa Metropolitan Opera ya New York Septemba 27, 2021. Taasisi hiyo ilianza 1883, na hiyo ndiyo ilikuwa opera ya kwanza ya mtunzi mweusi kuonyeshwa pale. Miaka 138! Watu walimpongeza, naye hakuacha kusema kwamba waliostahili kabla yake walikuwepo. William Grant Still, mtunzi mweusi wa zamani, alipeleka kazi zake akakataliwa. Baba yake Blanchard hakuwahi kuuona usiku ule.

Zamani nilidhani ile tabia ya Blanchard ya kuteleza kati ya noti, vali imebonyezwa nusu na pumzi haikatiki, ni pambo tu, na pengine njia ya kukwepa kuigonga noti kichwani. Mwalimu wangu angenikaripia kwa hilo. Halafu nikamsikia Will Liverman akiimba nafasi kuu ya opera ile, baritoni, akiingia kwenye neno kutoka chini kidogo na kulipanda taratibu. Nikarudi kwenye rekodi za tarumbeta, nikasikiliza moja baada ya nyingine. Ni mtelezo uleule. Sidhani aliupata kwa Blakey. Nadhani ulikuwa ukipita ukutani, kutoka chumba ambamo mtu wa bima alikuwa akiimba.