Ndoo Tisa

Jumapili jioni, Oktoba. Ipagala, Dodoma.

Asubuhi nilikuwa nakwangua birika. Ukoko mweupe umeganda chini, mnene kama ganda la yai, nikaumwagia siki na kuuacha ulainike. Nilipotoka uani kumwagilia nikauona ukoko uleule kwenye ndoo ya sukuma wiki: mstari mweupe umezunguka udongo, kidole kimoja chini ya ukingo, na mwingine huku nje, kwenye matundu ya chini. Nimepita mbele ya ndoo hiyo kila siku tangu Mei. Siku zote nilijua ni vumbi, maana Dodoma kiangazi kila kitu kina vumbi. Leo nikabandua kipande nikakigusisha ulimi. Chumvi.

Siku nzima nimekaa na jambo hili, na sitaki kulala kabla sijaliandika.

Nimezaliwa Lushoto. Kwetu mboga haina somo. Mama anatupa maganda nyuma ya jiko, mvua inanyesha, wiki chache baadaye kuna boga limetambaa hadi kwenye kibanda cha mbuzi. Nilipohamia huku kikazi mwaka 2019 nikapanga nyumba ambayo ua wake wote umesakafiwa kwa saruji. Hakuna hata futi moja ya udongo. Nilikaa miaka mitatu nikinunua mchicha wa mafungu soko la Majengo, ukifika nyumbani umeshalala, ndipo nikaanza kuokota ndoo.

Niliokota nyingi. Ndoo za rangi zilizopasuka mishikio, madumu ya mafuta ya kula ya lita 20 niliyoyakata shingo, mabeseni, mifuko ya saruji, mpaka mtungi wa udongo wenye ufa alionipa bibi mwenye nyumba. Vilivyowahi kubeba dawa za mifugo au za shambani sikuvichukua, hata nilipopewa bure. Hilo nashukuru nililijua mapema. Vilifika vyombo ishirini na viwili, vimepangwa chini ya upenu wa bati upande wa jua la asubuhi. Nilivipenda kwa kuvihesabu tu.

Msimu wa kwanza ulinifundisha udongo. Nilijaza ule mwekundu wa kiwanja cha jirani, bila kuchanganya na kitu. Shambani udongo huo unabeba mahindi, lakini ndani ya ndoo ulishikana mpaka maji yakawa yanateleza pembeni na kutokea chini huku katikati pamekauka. Nilipoumwaga ulitoka mzima mzima na umbo la ndoo. Sasa nachanganya ndoo mbili za udongo, moja ya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, na nusu ndoo ya mchanga wa korongoni. Samadi naipata mnadani, kwenye mifuko, na naiacha ilale na kulowanishwa miezi miwili au mitatu kabla sijaigusa. Ya kuku niliwahi kuiweka ikiwa bado mbichi. Miche yote ya pilipili hoho iliungua kwa siku nne, majani yakajikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto.

Kisha nikajifunza joto. Ndoo nyeusi ukiigusa saa nane mchana mwezi wa Oktoba utaelewa mizizi inapitia nini. Nilizivika magunia na kuzisogeza zigusane, ili moja itie nyingine kivuli. Juu ya udongo natandaza nyasi kavu au maganda ya karanga, unene wa vidole vinne. Tandazo hili limenisaidia kuliko kitu chochote nilichowahi kununua. Mifuko ya saruji niliiacha kabisa. Jua la huku linaila, baada ya miezi sita inapukutika vipande vyembamba vinavyobaki kwenye udongo, na sioni kama ni haki kulima chakula huku nikipanda plastiki humohumo.

Haya yote niliyafurahia. Kila kosa lilikuwa na dawa yake, na dawa ilionekana ndani ya mwezi. Hili la chumvi ni la namna nyingine, kwa sababu limetokana na jambo nililodhani ndilo nalifanya vizuri zaidi.

Maji mtaani kwetu ni ya mgao, na sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka visima virefu vya Mzakwe, chini ya ardhi. Nimelelewa kuheshimu chakula, huku nimejifunza kuheshimu maji. Kwa hiyo nikaweka utaratibu: kila jioni, kopo moja la nusu lita kwa kila ndoo. Si zaidi. Nilijisifu moyoni kwamba vyombo ishirini na viwili vinakula lita kumi na moja tu kwa siku, wakati watu wengine wanaosha pikipiki kwa ndoo tatu. Na juu ya hapo nikawa natumia maji ya suuzio la mwisho la nguo, nikasema hakuna tone linalopotea. Na majivu ya jikoni nayo nikayatia, maana nilisikia yanazuia wadudu.

Mmea unakunywa maji, chumvi nyingi inabaki. Jua nalo linanyanyua maji, chumvi inabaki. Shambani mvua ikija inaisukuma chini, mbali na mizizi. Kwenye ndoo haina pa kwenda isipokuwa kwenye yale matundu, na ili itoke lazima maji yawe mengi kiasi cha kupita mpaka chini na kumwagika. Kopo langu la nusu lita halikuwahi kupita chini na kumwagika hata siku moja. Kila jioni nilikuwa naongeza chumvi kidogo na kuifungia humo: ya kisima, ya sabuni ya unga, ya majivu, ya samadi. Na ndoo nimezipanga chini ya upenu, kwa hiyo hata msimu wa mvua uliopita, mvua ilinyesha hatua mbili kutoka zilipo na haikuzigusa.

Sasa ndiyo naelewa zile ncha. Tangu Julai majani ya sukuma yamekuwa yakikauka pembeni, hudhurungi, kuanzia nchani kurudi ndani. Nilidhani kiu. Nikasema ni zile pepo za Julai na Agosti. Nikanyunyizia maji ya mwarobaini nikidhani ni utitiri. Mmea ulikuwa umesimama kwenye udongo wenye unyevu na haukuweza kuunywa.

Nilimwonyesha bibi ule ukoko. Yeye ni Mgogo wa Mvumi, umri wake hautaji, na kila asubuhi ananisalimia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo ya watu wengi, hata kama niko peke yangu. Aliuangalia, akaupangusa kwa kidole, akasema, "Mwanangu, hapa pamekuwa jangwa dogo. Mbona mbuzi wangu wangeilamba ndoo hii?"

Nikamuuliza wao zamani walikuwa wanamwagilia vipi mboga kiangazi.

"Nani alimwagilia mboga? Maji ya kumwagilia mboga yalikuwa wapi?"

Akaingia ndani akatoka na kopo la bati. Ndani yake mlenda mkavu, umetwangwa, rangi ya kijani iliyofifia, harufu kama ya nyasi zilizokatwa jana. Huo aliuchuma Februari. Mvua zikinyesha, anasema, mboga inaota yenyewe mashambani na pembeni ya njia, unachuma mpaka mikono inachoka, unaanika, unatwanga, unaweka. Ukifika Oktoba kula mboga ni kufungua kopo. Nimekula mlenda wake mara nyingi na ugali wa uwele, na sikuwahi kuufikiria kama njia ya kutunza maji. Lakini ndivyo ulivyo: maji ya Februari unayala Oktoba, na hukuyabeba kichwani.

Nimekaa kwenye kigoda nikapiga hesabu nyuma ya daftari la matumizi. Bati juu ya jiko ni mita tano kwa mbili, yaani mita za mraba kumi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua nzuri ya milimita ishirini, ambayo huku inaweza kushuka kwa mchana mmoja, ni lita 200, pipa limejaa. Dodoma hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Kipande hicho kidogo cha bati basi kinapokea zaidi ya lita elfu tano, na zote huwa zinakwenda barabarani kuchimba mfereji.

Nilifurahi, halafu nikaendelea na hesabu. Ndoo moja ya lita ishirini kwenye joto hili, ikinyweshwa sawasawa, inataka kama lita tatu kwa siku. Ndoo ishirini na mbili ni lita 66. Pipa linaisha siku ya nne. Ndoo tisa ni lita 27, nazo zinakwenda wiki moja. Pipa haliwezi kunivusha kiangazi hata nikilililia. Ila maji yake hayana chumvi. Yanafaa kitaluni, yanafaa kuoshea udongo mara mojamoja, na msimu wenyewe wa mvua ndoo hazihitaji pipa wala mimi, zinahitaji kutolewa chini ya upenu zinyeshewe.

Kwa hiyo tisa. Nimechagua mchana huu, na haikuwa rahisi, kuna ndoo nimezilea kama watoto. Zimebaki mbili za mchicha, kwa sababu ndani ya wiki tatu au nne nakata na unachipua tena. Mbili za sukuma zisizo na ukoko mkubwa. Moja ya mnavu. Moja ya vitunguu vya majani. Mchaichai, ambao haujawahi kunilalamikia. Rozimeri, anayependa ukame kuliko mimi. Na mtungi wa bibi wenye ufa, ambao nimeuziba ufa kwa saruji na kuuzika shingoni katikati ya beseni kubwa. Nikiujaza maji unayatoa taratibu kupitia udongo wake, na mnanaa unaouzunguka umebaki kijani hata wiki hii. Giligilani nimeiacha mpaka kuwe na baridi, maana kwenye joto hili inakimbilia maua kabla sijapata majani ya kutosha mchuzi mmoja. Nyanya nimeziacha pia. Kantangaze, wale wadudu wanaotoboa majani na matunda ya nyanya, walizimaliza mara mbili na sina moyo wa mara ya tatu mwaka huu.

Tisa hizi nimezinywesha leo mpaka maji yakatoka chini, nikayaacha yaende. Nilisimama nikiyatazama yanavyotambaa kwenye saruji na moyo uliuma, sitaficha. Nimezoea kuona maji yanayomwagika kama dhambi. Kuanzia sasa itakuwa hivi kila Jumapili, na siku nyingine kiasi cha kufika mizizi yote, si kulowanisha uso. Suuzio la nguo litaenda chooni. Majivu, kwa jirani anayechimba choo.

Zile tatu zilizoharibika kabisa nimezimwaga udongo wake kwenye turubai, kisha nikautoa humo na kuutandaza mwembamba kwenye kona isiyo na bati, juu ya kifusi, maji yapate kupita. Utakaa hapo mpaka mvua mbili tatu kubwa zipite juu yake. Nyingine kumi nimeziondoa miche, nikazisogeza uwanjani na udongo wake, nazo zisubiri palepale wazi.

Bibi alikuja jioni kuona ninachofanya. Akazihesabu zile zilizobaki upenuni, akauliza kama nimekasirika. Nikamwambia hapana. Akanipa kifundo cha kitambaa: mbegu za mgagani, za mwaka jana. "Hizi usizimwagilie," akasema. "Zitie kwenye hizo ulizozitupa, uziache. Zinaijua mvua kuliko sisi."

Nimezitia kwenye kopo la bati lenye mfuniko, juu ya kabati, panya wasifike. Birika limetakata, nimechemsha chai ya mchaichai. Mawingu yapo upande wa Kikuyu lakini ni yale membamba ya Oktoba, hayana kitu. Kesho fundi anakuja kupima mfereji wa bati.