Niliwachekesha watoto kaburini pa wenyewe

Tangu nistaafu ualimu, Jumamosi zangu nyingi naziacha Makumbusho ya Majimaji hapa Songea, yanayokumbuka vita vya 1905–1907 dhidi ya utawala wa Wajerumani. Najitolea kuongoza wageni, hasa watoto wa shule.

Mwanzoni nilikuwa nakosea. Nikifika kwenye habari za mganga Kinjikitile wa Ngarambe nilipaza sauti: "Akawaambia risasi zitageuka maji!" Watoto wanaangua kicheko, nami najua somo limeingia. Siku moja mzee mmoja alinisubiri hadi watoto wakatoka. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hao mnaowacheka, babu yangu yumo."

Akanyoosha mkono kuelekea kaburi la pamoja, kisha akaenda zake.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Miaka yote ya ubao na chaki sikuwahi kujiuliza Mmatumbi na Mngoni, wasio na lugha moja wala mtawala mmoja, walikutanaje. Kule Umatumbi watu walichoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu, na Julai 1905 wakaing'oa. Kinjikitile alinyongwa mapema, tarehe 4 Agosti 1905, lakini maji yake ya dawa yaliendelea kutembea, kijiji hadi kijiji, mpaka yakafika huku Ungoni. Dawa ile ilikuwa kiapo. Aliyeinywa alikuwa ameshakubali kufa na mwenzake asiyemjua.

Siku hizi sianzi na risasi. Nafungua leso, naweka kiganjani mwa kila mtoto punje za mtama na mbegu moja ya mbarika, kwa sababu maji yale yalichanganywa na mtama na mafuta ya mbarika. Mbegu ya mbarika inang'aa, ina madoa, utadhani kupe aliyeshiba. (Ina sumu, kwa hiyo nawakataza kutia mdomoni na nazihesabu wakizirudisha.) Halafu nawauliza: una mkuki, adui yako ana bombomu, bunduki ya rasharasha, ungehitaji nini ndipo utoke nyumbani? Mvulana mmoja wa darasa la tano alijibu, "Ningetaka mama asijue." Hakuna aliyecheka.

Kaburini nasema machache. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa mashujaa 67, Nkosi (chifu) Mputa Gama akiwamo. Nduna (kiongozi wa vita) Songea Mbano, mwenye jina la mji huu, ana kaburi lake peke yake, na wazee wanasema kichwa chake kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika hapa, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta. Watoto hawaachi kuniuliza: "Mwalimu, kimeshapatikana?" Nawajibu bado, na inaniuma kila mara.

Kinachonishinda kusimulia ni njaa. Wajerumani walichoma maghala na mashamba, na waliokufa kwa njaa ni wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Wanawake, vichanga, vikongwe. Hao hawana mnara wa kuwaonyesha wageni, kwa hiyo nawataja tukiwa njiani kurudi kwenye basi, na nahisi siwatendei haki.

Mzee yule sijamwona tena. Kila tarehe 27 Februari, umati unapokusanyika, natupa macho huku na huku nikimtafuta. Sikumuuliza babu yake aliitwa nani. Majina ya walionyongwa nimeyanakili kwenye daftari langu, na nikiwasomea watoto, nayasoma yote polepole, maana sijui lipi ni la babu yake.