Nukta Kati ya Maneno

Dodoma, Jumamosi usiku

Leo nimefunga steshenari saa mbili na nusu usiku, baada ya kumaliza kusafisha ripoti ya utafiti yenye kurasa 74 iliyoletwa na mwanafunzi mmoja anayechunguza kilimo cha zabibu hapa kwetu. Nimesema kusafisha, si kuchapa, kwa sababu kuchapa kumekuwa sehemu ndogo ya kazi yangu. Zamani mteja alileta maandishi ya mkono. Siku hizi analeta flashi yenye hati iliyoandikwa nusu kwa simu, nusu kwa kompyuta ya rafiki, ikachanganywa na vipande vilivyonakiliwa kutoka mtandaoni, na kila kipande kimekuja na fonti yake, ukubwa wake na kivuli chake cha kijivu nyuma ya maneno. Kwa kazi ya namna hii, njia za mkato za vitufe ambazo kila mtu hufundishwa kwanza katika Word, programu ya kuandikia, yaani Ctrl + B ya herufi nene, Ctrl + I ya herufi za mlalo na Ctrl + U ya kupigia mstari, si zinazoniokoa. Zinazoniokoa ni zile za kuondoa.

Lakini kabla ya kuondoa lazima nione. Kila hati ngeni ninapoifungua, jambo la kwanza ni kubonyeza Ctrl + Shift + 8, na papo hapo yale yaliyojificha hujitokeza: nukta ndogo mahali pa kila nafasi, mshale mahali pa Tab, na ile alama inayofanana na herufi P iliyogeuka mahali pa kila Enter. Ukurasa wa jalada wa ripoti ya leo ulionekana kwa macho ya kawaida kuwa umekaa vizuri. Nilipobonyeza vitufe hivyo, kichwa cha ripoti kilikuwa kimesukumwa hadi katikati kwa safu ya nukta 23, na chini ya jina la mwanafunzi kulikuwa na Enter 19 zilizopangwa kama ngazi ili Shukrani zianze ukurasa unaofuata. Hati iliyojengwa hivyo husimama mradi tu hakuna anayeigusa. Mwalimu akiagiza liongezwe neno moja kwenye kichwa, Shukrani zote zinahama. Nilifuta nukta nikabonyeza Ctrl + E, inayoweka maneno katikati, nikafuta ngazi nikabonyeza Ctrl + Enter, inayoanzisha ukurasa mpya, na ukurasa ukatulia.

Siwezi kumlaumu binti huyo, kwa maana najua tabia hiyo imetoka wapi. Shangazi yangu alikuwa mpiga chapa enzi za taipureta, na kwake yeye kuweka kichwa katikati kulikuwa ni hesabu: alipeleka mashine katikati ya karatasi, kisha akarudi nyuma pigo moja kwa kila herufi mbili za kichwa, akiyatamka maneno kwa sauti ya chini. Herufi nene hazikuwapo, kwa hiyo jambo zito lilipigiwa mstari au lilipigwa mara mbili juu ya lile lile. Nadhani ndiyo sababu hadi leo barua zetu za kiofisi hubeba ile "Yah:" yenye herufi kubwa, nene na mstari chini yake, mambo matatu kwa kazi ya moja. Taipureta zimeondoka lakini mikono imerithishana mazoea, hata mikono ya watoto ambao hawajawahi kuigusa mashine yenyewe.

Baada ya kuona ndipo ninaondoa. Ctrl + kitufe cha nafasi huvua mapambo ya herufi, yaani fonti, ukubwa, rangi na unene uliowekwa kwa mkono, ilhali Ctrl + Q huirudisha aya kwenye mpangilio wa mtindo wake, bila ujongezaji wala mwachano wa mistari ulioletwa kutoka kwingine. Naongeza onyo kwa anayetumia mashine zaidi ya moja: kompyuta yangu ya pembeni ina LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia, na humo Ctrl + Q huifunga programu nzima, wakati kazi ya kuvua mapambo hufanywa na Ctrl + M, ambayo kwenye Word huisukuma aya kuelekea ndani. Nimebonyeza visivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kosa la leo, hata hivyo, halikutokana na kompyuta ya pembeni. Nilipoona fonti zimechanganyika kupita kiasi, nilichagua hati yote kwa Ctrl + A, nikabonyeza Ctrl + nafasi, nikahifadhi na kuifunga, kwa sababu mlangoni alikuwa amesimama mzee aliyetaka nakala za kitambulisho. Niliporudi, mwanafunzi alikuwa ameshaifungua na kuitazama kwa utulivu ulionitia wasiwasi.

"Mama, samahani," akasema, "majina ya kisayansi yamesimama."

Kweli yalikuwa yamesimama. Vitis vinifera, jina la mzabibu ambalo kwa kanuni huandikwa kwa herufi za mlalo, lilikuwa wima katika kila sura, na pamoja nalo majina yote ya vitabu kwenye orodha ya marejeo. Ctrl + Z haikuwa na la kurudisha, kwa kuwa hati ikishafungwa kumbukumbu ya hatua zake hupotea. Kijana ninayefanya naye kazi ndiye aliyeniokoa nusu ya aibu. Alifungua kisanduku cha kubadilisha maneno kwa Ctrl + H, akaandika Vitis vinifera katika nafasi ya juu, kisha katika nafasi ya chini hakuandika chochote bali alibonyeza Ctrl + I peke yake, akaamuru yabadilishwe yote. Majina yakalala kwa mara moja. Nimefanya kazi hii miaka mingi bila kujua kwamba kisanduku hicho hupokea umbo la herufi hata pasipo maneno.

Marejeo hayakuwa na njia hiyo, kwa sababu kila kitabu kina jina lake. Binti alisoma kutoka kwenye nakala yake ya zamani, mimi nikachagua jina la kwanza na kubonyeza Ctrl + I, na kuanzia hapo kila nilipochagua jina jingine nilibonyeza F4 tu, kitufe kinachorudia tendo la mwisho. Tulikwenda hivyo, jina kwa jina, hadi feni ya dukani ikawa ndiyo sauti pekee iliyobaki barabarani.

Yaliyosalia yalikuwa mepesi. Ctrl + 5 iliweka mwachano wa mstari mmoja na nusu, Shift + F3 ilishusha vichwa vilivyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, na Ctrl + Shift + nafasi ilifunga kila "Dkt." na jina linalofuata ili cheo kisibaki mwisho wa mstari na mwenyewe akaanguka mstari wa chini. Ctrl + J, inayonyoosha kingo zote mbili, niliitumia kwa sababu chuo kinaitaka, ingawa mimi siipendi kwa Kiswahili: maneno yetu ni marefu, na "hawakushirikishwa" ikikosa nafasi mwisho wa mstari inayaacha maneno yaliyotangulia yametawanyika kama meno ya mtoto wa miaka saba, hasa ndani ya majedwali membamba. Huko kwenye majedwali nilimshawishi binti tubaki na Ctrl + L, inayonyoosha ukingo wa kushoto tu, naye akakubali kwamba mwalimu akiuliza atajibu mwenyewe.

Sikumtoza fedha ya masaa ya marejeo. Alipoondoka nilifunika mashine kwa kitambaa, maana upepo wa leo umeingiza vumbi hadi chini ya vitufe, na sasa ninapoandika haya simu imelia: mteja mwingine ametuma kumbukumbu za vikao vya kikundi chao, kurasa 31, anazihitaji Jumatatu asubuhi. Nimezifungua kwenye kompyuta ya nyumbani, nikabonyeza Ctrl + Shift + 8, na skrini imejaa nukta.