Sisi Tunaopenda Kutishwa

Jumapili, Kirumba, Mwanza

Jana mabishano kuhusu mkono wa Rick, shujaa wa The Walking Dead, yalipamba moto tena. Asiyefuatilia mambo haya atashangaa kuona watu wazima, wenye kazi na watoto, wanapandishiana sauti kwa ajili ya mkono wa mtu ambaye hajawahi kuwepo duniani. Lakini kwa anayekipenda kisa hicho cha wafu wanaotembea, mkono ule una uzito wake. Katika katuni ya Robert Kirkman, iliyoanza kutoka Marekani mwaka 2003, Rick anakatwa mkono wa kulia na kuishi na kigutu hadi mwisho wake. Tamthilia ilipoanza kuoneshwa mwaka 2010 ikamwachia mikono yote miwili. Msimu ukaisha ukaja mwingine, mashabiki wa katuni wakisubiri panga lishuke, wapi! Ni hadi 2024, katika tamthilia nyingine inayoendeleza kisa kilekile, ndipo Rick akajikata mkono mwenyewe, tena wa kushoto. Hapo ndipo jana palipochimbika. Upande mmoja unasema deni limelipwa. Upande mwingine unasema mkono wa kushoto si mkono wa kulia, na kwamba miaka yote ile shujaa alikuwa anapigana na nguvu ambazo hakustahili kuwa nazo.

Mimi niko upande wa pili, na sikuona haya kuutetea kwa sauti. Mtu aliyepoteza mkono anafunga kamba za viatu kwa namna nyingine, anamshika mwanawe kwa namna nyingine. Kisa chote kinabadilika. Anayependa hadithi kwa dhati anajali vitu hivi.

Tunakutana Jumamosi jioni nyuma ya duka la steshenari la mwenzetu, si mbali na uwanja. Kuna mwalimu, kuna dereva wa daladala ya Buhongwa, kuna dada anayeuza dagaa soko la Mwaloni ambaye anajua majina ya wachoraji wa Kijapani kuliko sisi sote. Karibu wote tulianzia mahali pamoja: kibanda umiza, banda la kuoneshea video. Mabenchi ya mbao, mapazia meusi, jasho, na televisheni juu ya kabati lenye kufuli. Picha la kutisha lilikuwa linawekwa usiku, na wadogo tulijipenyeza. Wengi wetu tulizijua filamu za nje kupitia sauti ya Lufufu, mungu amlipe mema, aliyekuwa anaingiza Kiswahili juu ya picha na kuongeza maelezo yake mpaka zimwi la kule mbali linakuwa kama limehamia Mabatini. Ndiyo maana nawashangaa wanaodhani mashabiki wa huku tunaiga tu ya wazungu. Tulishazizoea hadithi zinazovushwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine na kuvikwa nguo mpya njiani. Baadaye waongozaji akina Mussa Banzi wakaja na filamu za Nsyuka na Shumileta, na tukaona vitisho vyenye majina na mavazi ya kwetu. Picha zilikuwa za bei nafuu, damu inaonekana wazi ni rangi, na bado tulirudi nyumbani tukikimbia.

Lakini mimi mapenzi yangu makubwa yako kwenye karatasi. Filamu inakushika shingo: muziki unapanda, unajua kabisa kwamba kitu kinakuja, na hata ukifumba macho masikio yanabaki wazi. Katuni haina sauti. Inakuachia wewe mwenyewe ufunue ukurasa, na hapo ndipo kitisho chake kilipo, kwamba mkono uliofunua ni wako.

Nitoe mfano. Yule dada wa dagaa ana nakala ya Uzumaki, katuni ya Mjapani Junji Ito, aliyoletewa na ndugu yake kutoka Nairobi, kwa Kiingereza. Anaitunza ndani ya mfuko wa nailoni ili isishike harufu ya samaki. Ni kisa cha mji mdogo wa Kijapani uliolaaniwa na umbo la mzunguko, lile la konokono. Mwanzoni tu, baba wa kijana mmoja anaanza kukusanya kila kitu chenye umbo hilo. Mwisho wake anapatikana ndani ya pipa la mbao. Ito anakuonesha kwanza nyuso za wanaochungulia. Anakuonesha macho yao. Kilichomo ndani ya pipa kiko upande wa pili wa karatasi. Jana nilimtazama dereva wetu akifika hapo kwa mara ya kwanza. Alishika pembe ya ukurasa kwa vidole viwili, akaisugua, akamwangalia dada, dada akatazama pembeni. Alipofunua hakusema kitu. Alirudisha ukurasa nyuma, akafunua tena.

Kwenye simu hilo halipo. Unasukuma kwa kidole gumba, picha zinapita moja moja, na mtego wote aliouweka mchoraji unapotea. Uzumaki imeshafanywa filamu mwaka 2000, na mwaka 2024 ikatoka katuni ya televisheni ya sehemu nne, nyeusi na nyeupe kama kitabu. Sehemu ya kwanza ilitufanya tushikane mikono kwa furaha. Zilizofuata zilishuka kiwango, na huzuni niliyoiona pale nyuma ya duka ilikuwa ya kweli kabisa, huzuni ya watu waliosubiri kitu kwa miaka.

Mama mdogo, ambaye ni mtu wa maombi, haafiki. Huniambia, "Mwanangu, unachokitazama kinakutazama." Namheshimu na simbishii. Nachojua ni kwamba hofu hiyo ya wazazi si ya huku tu. Mwaka 1954 kule Marekani katuni za kutisha, zile za akina Tales from the Crypt, zilifikishwa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti; daktari wa akili Fredric Wertham akatoa ushahidi kwamba zinawaharibu watoto. Mwaka huohuo wachapishaji wakajiwekea kanuni: marufuku vampaya, marufuku wafu wanaotembea, hata neno la Kiingereza la kutisha lisikae kwenye jina la jarida. Magazeti yale yakafa karibu yote. Kanuni ililegezwa mwaka 1971, na haukupita muda Dracula akarudi kwenye katuni akiwa na jarida lake mwenyewe.

Niseme sasa jambo ambalo jana sikulisema, maana lilinikaa kooni.

Huku kwetu Usukumani kitisho kimewahi kuua watu wa kweli. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na macho mekundu. Alipika kwa kuni na vinyesi vya ng'ombe vilivyokauka, ndani ya jiko lisilo na dirisha, tangu akiwa msichana. Moshi ndio uliomtia macho yale. Mtu yeyote aliyewahi kuingia kwenye jiko lile angejua. Lakini vikongwe wenye macho mekundu, Mwanza na Shinyanga, wamekatwa mapanga usiku kwa kuitwa wachawi. Ulifika mwaka ambao watoto wa majirani pale Magu waliacha kuja kwa bibi kuomba viazi. Wajomba walimhamishia mjini kabla neno halijakomaa. Alimaliza siku zake kwetu, akipika kwa mkaa, na macho hayakurudi kuwa meupe.

Kwa hiyo ninapomwona bibi kizee mwenye macho mekundu amewekwa kwenye jalada la picha la kutisha la kwetu, ungo mkononi, siwezi kufurahi pamoja na wenzangu. Vampaya wa Ulaya hana jirani hapa Mwanza atakayekatwa panga kwa ajili yake. Bibi anaye.

Je, tuache vitisho vya kwetu? Hapana, na kwa hilo nina hakika. Tunaye msukule. Wanaojua kisa chake wanajua kwamba hali nyama ya mtu. Ni mtu aliyeliliwa na kuzikwa, ambaye inasemekana amefichwa, amekatwa ulimi, analishwa pumba, na usiku analimishwa shamba la mwingine. Huo ni ukatili wa kupita kiasi, na msukule ndiye anayetendewa. Zombi wa kwanza wa Haiti naye alikuwa hivyohivyo: mfu anayefanyishwa kazi na bwana wake. Filamu ya White Zombie ya mwaka 1932 inawaonesha wakisukuma mtambo wa kusaga miwa bila kusema neno. Nchi ile ilikuwa ya watumwa wa mashamba ya miwa, na hofu iliyozaliwa pale ni ya kwamba hata kifo hakikutoi shambani. Kula watu kulikuja baadaye, na filamu ya George Romero ya mwaka 1968 ndiyo iliyoueneza mtindo huo. Mimi namwona msukule wetu yuko karibu zaidi na yule wa Haiti, na ananitisha zaidi, kwa sababu namwonea uchungu.

Ndiyo maana tumeamua kuchora chetu. Anachora kijana wa Pasiansi aliyejifunza kwa kunakili vikatuni vya Ndumilakuwili na Lodi Lofa kwenye majarida ya Sani ya baba yake, na mkono wake una mstari mnene, mzuri, usiosita. Kisa ni cha kijana aliyezama ziwani na kuzikwa, kumbe analima pamba usiku, nje ya Misungwi. Tunakiona kila kitu kutoka upande wake: jembe, mgongo wa aliye mbele yake, mwezi. Anayemfanyisha kazi ni mwanamume mnene, mwenye gari, anayesalimiwa kwa heshima na kijiji kizima. Na anayemtambua ni bibi kizee.

Kijana aliniuliza macho ya bibi ayafanyeje, maana tunatoa kopi kwa wino mweusi tu. Kopi za rangi zina gharama na hatuna mfadhili. Nikamwambia aanze na jiko. Achore moshi kwanza, ujae kisanduku kizima, halafu bibi atoke ndani yake akiwa amebeba sufuria. Amechora. Unaona kabisa macho yanamwasha, hata bila rangi.

(Mmoja wetu alipendekeza tuweke pia meli inayorudi usiku, upande wa Bwiru. Hakuna aliyemkaripia, ila hatukuendelea nalo. MV Bukoba ilizama mwaka 1996, na makaburi ya pamoja yako Igoma. Kuna watu kwenye duara letu wanaokwenda pale kila Mei.)

Kurasa ni 16, yaani karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati na kubanwa pini. Jambo la kurasa limetugombanisha kuliko la mkono wa Rick. Sisi tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo kitu cha kushtua lazima kikae ukurasa wa namba shufwa, ule unaokutana nao baada ya kufunua. Tumekubaliana kwamba kwenye kisanduku cha mwisho cha ukurasa wa 11 bibi, akiwa ukingoni mwa shamba, anamwita yule kijana kwa jina alilopewa utotoni. Ubishi uko kwenye ukurasa wa 12. Mimi nataka ageuke. Ukurasa mzima, uso wake, mdomo umefunguka bila ulimi, amelisikia jina lake. Dada wa dagaa anasema hapana, aendelee kulima, picha ileile tuliyoizoea tangu mwanzo bila mabadiliko hata ya mstari mmoja, na kwamba hicho ndicho kitakachomnyima msomaji usingizi. Mwalimu yuko naye. Dereva yuko nami. Mchoraji amesema atachora zote mbili kwa penseli na kuzileta Jumamosi, tuzifunue wenyewe.